Chumba Kimoja, Watoto Wanne: Kutafuta Malazi Kibondo na Kasulu

Basi lilitushusha Kibondo saa tano kasorobo za usiku. Tulikuwa sita: sisi wawili na watoto wetu wanne, mkubwa akiwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo, ambaye hajatimiza miaka miwili, amelala begani. Tulitoka Mwanza alfajiri ya siku hiyo, likizo ya Juni, tukielekea kijiji kimoja ng'ambo ya Kasulu kumjulia hali bibi yao aliyekuwa mgonjwa. Tulikuwa tumepanga kulala Kasulu. Lakini gari liliharibika mara mbili kabla hatujafika Nyakanazi, na dereva akatangaza kwamba safari ile itaishia Kibondo hadi asubuhi.

Katika nyumba ya kwanza ya kulala wageni, binti wa mapokezi alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama anayehesabu magunia. Kisha akasema: "Chumba ni watu wawili. Hawa wengine mtawapeleka wapi?" Tukamwambia kwamba hawa wengine ni watoto wetu. Akasema anaona, lakini utaratibu ni utaratibu. Vyumba viwili alikuwa navyo, ila kimoja kilikuwa huku na kingine mwisho wa ukumbi, ghorofa ya juu, na bei yake ilizidi tulichokuwa tumekitenga. Katika nyumba ya pili hawakutuhesabu. Walitukaribisha vizuri sana, lakini mlango wa chumba ulitazamana na meza za baa, muziki ukipigwa, na binti yetu wa miaka tisa akamshika mama yake baibui kwa mikono miwili. Tukashukuru, tukaondoka. Nyumba ya tatu ilikuwa ya kizamani, vyumba vinane vimeuzunguka ua, choo nje, lango la bati linalofungwa kwa mnyororo. Huko tukalala. Yaliyotupata usiku ule tutayasimulia hapo mbele.

Tumeamua kuyaandika haya kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Kila likizo, kila Idd, na kila msiba unapotokea, familia za Kiislamu kutoka Dar es Salaam, Tabora, Mwanza na Kigoma mjini hupanda kuelekea nyanda hizi za Buha zikiwa na watoto wadogo. Nyumba ya mzee kijijini aghalabu imekwisha kujaa shangazi na binamu kabla mgeni wa mwisho hajafika. Mwalimu au muuguzi anayehamishiwa wilayani hufika na familia yake kabla hajapata nyumba ya kupanga. Wengine huja kwa sababu ya hospitali: mtoto mmoja amelazwa, wenzake watatu hawana wa kuwaangalia nyumbani, basi nao wamebebwa. Wote hao hutafuta kitu kimoja ambacho miji yetu midogo haikujengewa, yaani chumba cha bei nafuu cha kulala baba, mama na watoto kadhaa.

Kwanza msomaji atuwie radhi kwa jambo dogo la lugha. Katika miji hii ukimwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke hoteli," atakupeleka pahala pa kula, na huenda ukala wali maharage mzuri kabisa, lakini kitanda hutakipata. Pahala pa kulala ni gesti. Tulilijua hilo tangu utotoni, na bado usiku ule, kwa uchovu, tukasema hoteli, tukashushwa mbele ya jiko la mama lishe aliyekuwa anaosha sufuria za mwisho. Ndiye aliyetuelekeza ile nyumba ya tatu.

Gesti za Kibondo na Kasulu hazikujengwa kwa ajili ya familia. Zilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa maharage, dereva wa lori, karani aliyekuja kikazi, mtu mmoja mwenye begi moja, anayefika jioni na kuondoka alfajiri. Ndiyo maana chumba kina kitanda kimoja, stuli moja, na nafasi ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Kisha historia ya mpakani ikaongeza yake. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita; kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipovuka kwa maelfu baada ya machafuko ya mwaka ule. Waliokuja kuwahudumia wakimbizi walihitaji vyumba, na mashirika yana uwezo wa kulipia chumba mwezi mzima bila kuuliza bei mara mbili. Wenye nyumba wakajenga vyumba vya hadhi ya watu hao: kitanda kikubwa kimoja, choo ndani, runinga ukutani. Hatuwalaumu, kwani biashara hufuata mteja. Lakini mteja mwenye watoto wanne hakuwamo katika hesabu hiyo.

Jambo jingine limeongeza uzito wa tatizo. Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio la miaka mingi, familia nyingi hufika mjini saa ambazo zamani hapakuwa na basi barabarani. Mtu mzima anaweza kukaa stendi hadi kukuche. Mtoto wa miaka miwili hawezi, hasa huku juu. Nyanda hizi zimeinuka zaidi ya meta elfu moja juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake humshangaza aliyetoka pwani na hata aliyetoka kando ya Ziwa Tanganyika, kwa gari saa chache tu kutoka hapo.

Na baridi ndiyo iliyotuingiza katika kosa.

Chumba tulichopewa kilikuwa safi, lakini kitanda kilikuwa cha nne kwa sita na blanketi lilikuwa moja. Mdogo alikuwa na kikohozi. Mama yao akaomba moto kidogo wa kuchemshia uji, na kijana wa jikoni akatuletea jiko la mkaa lenye makaa mekundu yasiyo na moshi. Uji ukaiva, watoto wakanywa, chumba kikapata joto zuri. Tukalitazama lile jiko, tukatazamana, tukaliacha pale pale kando ya mlango. Tukafunga dirisha ili joto lisitoke. Tulikuwa watu wazima wawili, wenye elimu, wasomaji wa magazeti, na hakuna kati yetu aliyesema neno.

Hatujui tulilala kwa muda gani. Tuliamshwa na mlango unaogongwa kwa nguvu. Alikuwa mzee mlinzi, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza: "Baba, fungua! Moto mmeuweka ndani? Fungua mlango na dirisha!" Tukafungua. Aliingia bila kusubiri ruhusa, akalitoa jiko kwa mikono yake kulipeleka uani, akatuamuru tuwatoe watoto wote nje na blanketi lao. Mkubwa alisema kichwa kinamuuma. Yule wa miaka tisa alitapika uji wote penye ngazi. Mdogo alikuwa mzito mikononi, na ilituchukua muda, muda ambao hatutausahau, hadi alipolia. Mzee alisimama pembeni na tochi yake hadi aliposikia kilio kile, kisha akasema: "Sasa mshukuruni Mungu. Mkaa hauna moshi, lakini una kifo." Alikuwa amepita dirishani akasikia harufu ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Basi, hiyo tu. Angepita upande wa pili wa ua asingesikia.

Tumejifunza baadaye yale tuliyopaswa kuyajua kabla. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Harufu aliyoisikia mzee ilikuwa ya makaa, si ya sumu yenyewe. Hewa hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, mwili ukakosa pumzi ilhali mapafu yanafanya kazi. Aliyelala haamki kwa sababu hakuna kinachomkera. Usingizi huzidi kuwa mzito tu. Watoto wadogo huathirika upesi kuliko wakubwa. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na tiba ya kwanza ni kumtoa mtu kwenye hewa safi mara moja, kisha hospitali. Jiko lililokwisha kupungua moto, lenye majivu juu, bado lina hatari ile ile. Kuliacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kulifanya salama. Jiko la mkaa halilali na watu, si katika gesti wala nyumbani. Asubuhi tuliwapeleka watoto wakaonwe na mganga, na alhamdulillahi wote walikuwa wazima.

Kwa hiyo, anayepanda Kibondo au Kasulu miezi ya kiangazi na achukue blanketi la ziada hata kama begi litalalamika. Achukue soksi na kofia za watoto, na chupa ya chai ya kuhifadhia uji moto uliopikwa kwa mama lishe kabla hajafunga. Mizigo hii tuliiona ya ziada tulipokuwa tunafunga mabegi Mwanza, tukaiacha.

Tulipofika Kasulu kesho yake mchana, tulitafuta malazi kwa namna nyingine. Hatukuanza na bei. Tulianza na msikiti. Baada ya swala ya Adhuhuri tulimwuliza mzee mmoja aliyekuwa anatia viatu ni gesti gani anayoweza kumlaza mkwewe. Swali hilo, tumegundua, lina faida kuliko kuuliza ipi ni nzuri, kwa sababu kila mtu ana nzuri yake, lakini mkwe humpeleki popote. Mzee alifikiri, akataja mbili, akaikataa moja mwenyewe kwa kuwa siku hizi wameweka baa nyuma, akatuongoza kwa miguu hadi ya pili. Waha hawana haraka katika salamu, na matembezi ya dakika tano yalituchukua nusu saa, kwa kuwa kila tuliyekutana naye alihitaji kuulizwa habari za nyumbani, za shamba na za mifugo. Lakini kufikia mlangoni tayari tulikuwa wageni wa mtu, si wapita njia. Mwenye gesti hakutuhesabu kwa kidole.

Hapo tulifanya hesabu ambayo tungependa kila mzazi aijue. Chumba kimoja chenye choo ndani kilikuwa shilingi 25,000, na kwa watoto wanne angetuongezea godoro la chini kwa malipo kidogo. Vyumba viwili vya kawaida vinavyopakana, choo cha nje, vilikuwa shilingi 10,000 kila kimoja. Vyumba viwili vilikuwa rahisi kuliko kimoja! Mama akalala na binti na mdogo, baba na wavulana wawili. Zaidi ya nafuu ya fedha, hilo liliondoa shida nyingine. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanatuelekeza kuwatenga watoto malazi wanapofikia miaka kumi, na nyumbani tunalitekeleza bila kufikiri kwa kuwa vyumba vipo. Safarini wengi wetu hulisahau, tukawarundika wote kitanda kimoja kama dagaa. Chumba cha pili cha bei ya chini hulitatua.

Lakini vyumba hivyo lazima viwe vinapakana, na lango la ua lifungwe usiku. Kama chumba kimoja kiko mwanzo wa ukumbi na kingine mwisho wake, ni afadhali kubanana. Choo cha nje nacho kina gharama yake: mtoto wa miaka mitano hatakwenda peke yake gizani, na hapaswi kwenda. Beba poti au ndoo ndogo yenye mfuniko, na tochi. Beba pia nailoni ya kutandika chini ya shuka, kwani mtoto aliyechoka na safari hukojoa hata yule aliyekwisha kuacha mwaka mzima, na mwenye gesti ana haki ya kudai godoro lake. Juu ya nailoni tandika shuka au kanga zako mwenyewe. Wazazi wenye wasiwasi juu ya tohara ya magodoro ya watu watalala usingizi zaidi.

Kuhusu chandarua tuseme kwa mkazo. Mwinuko wa nchi huwadanganya watu wakadhani mbu hawafiki. Mkoa wa Kigoma umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania Bara. Karibu kila gesti ina chandarua juu ya kitanda, lakini godoro la chini, ambalo ndilo hulaliwa na watoto, halina. Tulibeba chandarua chetu na kamba ya manila, tukaifunga kutoka nondo ya dirisha hadi bawaba ya mlango. Haikupendeza macho. Ilifanya kazi.

Swali la maji huulizwa vibaya. Ukiuliza, "Maji yapo?" utajibiwa yapo, na ni kweli: yapo kwenye pipa. Uliza yanatoka bombani saa ngapi, na kama usiku mhudumu hukubali kuongeza ndoo. Familia ya watu sita wanaotawadha mara tano, wenye mtoto wa nepi, humaliza ndoo mbili kabla ya Isha. Mama yao alikagua bafu kwanza: kama lina komeo kwa ndani, kama dirisha lina pazia, kama anaweza kutawadha bila kuvuka uwanja wenye wanaume. Chumba chenyewe alikikagua mwisho.

Kuhusu swala, msafiri amepewa nafuu, na katika madhehebu ya Imamu Shafii ambayo wengi wetu huku tunayafuata, familia inayofika usiku wa manane inaweza kuwa imekwisha kunuia kuichelewesha Magharibi na kuikusanya na Isha, safari ikiwa imetimiza masharti yake. Kibla kinahitaji uangalifu. Aliyezoea Dar es Salaam au Zanzibar, ambako Makka iko karibu sawasawa na kaskazini, anapaswa akiwa Kasulu ageuke kulia zaidi, kiasi cha nyuzi 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Wanaotumia dira ya simu wasisimame karibu na dirisha la nondo, kwa maana chuma huivuruga sindano. Au waulize. Mwenye gesti wetu, ambaye si Mwislamu, alituonyesha kwa mkono bila kusita; wageni wamemfundisha.

Kitabu cha wageni kisichukuliwe kwa dharau. Hizi ni wilaya za mpakani, na ukaguzi wa Uhamiaji njiani na katika nyumba za wageni ni jambo la kawaida. Kitambulisho cha taifa cha baba na cha mama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au angalau kadi zao za kliniki, viwe katika mfuko mmoja unaofikiwa kwa urahisi. Anayesafiri na watoto wa ndugu yake aandikiwe barua na wazazi wao. Nakala ya cheti cha ndoa nayo haidhuru. Zipo nyumba zinazoiomba, na sisi tunaziheshimu zaidi kuliko zisizouliza kitu. Tuliomba majina ya watoto wote yaandikwe kitabuni. Usiku ukitokea moto au ugonjwa, mlinzi ajue mlango ule una roho ngapi nyuma yake.

Kabla ya kusafiri piga simu ujue kama mji una ugeni. Mwenge wa Uhuru ukilala wilayani, au semina ya watumishi ikiitishwa, au siku ya gulio ikifika, chumba cha shilingi 10,000 hukipati kwa fedha yoyote.

Tumeulizwa na jamaa kama ni sawa kulala katika hosteli za misheni, ambazo katika nyanda hizi zipo na aghalabu ni safi, tulivu, zisizo na pombe, na zenye vyumba vya vitanda vitatu au vinne vinavyoifaa familia. Rai yetu ni kwamba kati ya hosteli hiyo na chumba kinachotazamana na baa, hatuoni hata haja ya kufikiri. Lakini swali lilitufanya tujiulize jingine, linalouma zaidi. Uislamu uliingia mkoa huu kwa njia ya misafara iliyofika Ujiji, watu wa safari hasa. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, alipewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa dini, kwa kuwa mji ulikuwa na pahala pa kumweka mgeni. Katika safari yetu hatukuona nyumba hata moja ya wakfu ya kulaza msafiri mwenye familia. Viwanja vya misikiti vipo. Fremu za maduka zimejengwa mbele yake, na kodi inakusanywa. Vyumba vinne nyuma ya fremu hizo, vitanda vya ngazi, bomba moja na mlinzi mmoja mzee, si mradi wa kuogopesha kamati.

Bibi yao tulimkuta ameanza kukaa kitako. Siku ya tano tukarudi kwa njia ile ile, na tukashuka Kibondo kwa hiari yetu, mchana, kwenye ile nyumba ya ua na lango la bati. Mzee mlinzi alikuwa hajaingia zamu. Tulimsubiri. Alipofika alimchukua mdogo, akamgeuza huku na huku kama anayekagua papai sokoni, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akauliza kama tumekuja na blanketi.

Tulikuwa nalo.